Kunakili kwa brashi maandishi ya vyombo vya shaba vya China ya kale

Mstari mmoja unaouona kwenye picha ya maandishi ya kale ya shaba umepita mikononi mwa wengi kabla ya kukufikia. Aliuanza mwandishi kwa brashi, fundi akauhamishia kwenye udongo, shaba ya moto ikaumiminikia, kutu ikautafuna kwa miaka karibu elfu tatu, halafu mtu akaja kubandika karatasi juu yake na kuipiga wino. Anayeketi kunakili bila kujua alama ipi ni ya nani hufanya kosa moja kati ya mawili: ama ananakili kutu kwa bidii zote, ama analainisha kila kitu hadi herufi zinafanana na nyaya zilizokunjwa kwa koleo. Maelezo haya ni ya kumwepusha na yote mawili. Yanamfaa mtu aliyewahi kushika brashi ya Kichina hata kidogo. Kujua kuzungumza Kichina si lazima.

Herufi ziliingiaje ndani ya shaba

Wachina huyaita maandishi haya jinwen. Yalianza kuonekana kwa wingi mwishoni mwa enzi ya Shang, kule Anyang, mji mkuu wake wa mwisho, yakiwa mafupi mno: jina la ukoo, jina la mzee anayetambikiwa, basi. Houmuwu ding, chungu cha miguu minne chenye kilo 832.84 kilichofukuliwa Anyang mwaka 1939, kina herufi tatu tu. Baada ya Zhou kuipindua Shang, mnamo 1046 KK, maandishi yakarefuka: amri za mfalme, vyeo, zawadi, vita, hata mipaka ya mashamba. Mao Gong ding, ambayo kimo chake hakifiki sentimita 54, imebeba karibu herufi 500.

Vyombo hivi ni vya shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati na mara nyingi risasi kidogo. Vilisubiwa kwa kalibu ya udongo ya vipande vipande, huku katikati kukiwa na kiini cha udongo. Nafasi iliyobaki kati ya kalibu na kiini ndiyo unene wa chombo. Maandishi mengi yako upande wa ndani, nayo yamezama. Basi kwenye kiini yalikuwa yameinuka, tena yamegeuka kama kwenye kioo.

Kumbuka hilo kila unapotazama pembe. Udongo ulioinuka haukai na ncha kali. Humomonyoka au hupondeka kidogo mistari inapokutana, na shaba hufuata ilichokikuta. Ndiyo maana kwenye jinwen makutano ya mistari ni ya mviringo, kana kwamba wino umetuama hapo. Huo ni uzuri wa kunakiliwa, kwa sababu ni wa herufi yenyewe tangu siku iliposubiwa. Lakini ukiona kijisanduku cheusi au chenye mpaka kati ya safu mbili, usikipe brashi: huenda ni kipande cha shaba ambacho fundi alikiweka kutenganisha kiini na kalibu. Kwa kawaida walijitahidi kisiangukie juu ya herufi.

Kutambua mkono wa nani

Hutanakili kutoka kwenye chombo, utanakili kutoka kwenye taben: karatasi nyembamba iliyolowanishwa, ikagandamizwa hadi ikaingia ndani ya mistari, kisha ikapigwapigwa kwa kifurushi cha kitambaa chenye wino. Sehemu za juu zinakuwa nyeusi, herufi zinabaki nyeupe. Chen Jieqi (1813–1884), aliyewahi kuimiliki Mao Gong ding, alisifika sana kwa taben zake. Kuna taben ya wino mzito unaong'aa, na kuna ile nyepesi inayoitwa bawa la nyenje. Tafuta zote mbili za chombo kimoja ukiweza. Kwenye nzito, wino huingia kwenye kingo za mistari na herufi huonekana nyembamba kuliko zilivyo. Kwenye nyepesi unene unakaribia ukweli, lakini herufi zilizolika hupotea kabisa.

Mbali na taben, weka karibu picha ya rangi ya shaba yenyewe. Makumbusho makubwa yameweka picha nzuri mtandaoni. Zitazame kwa pamoja, ukitumia kanuni hii: kingo zote mbili za mstari zikinenepa au kukonda kwa pamoja, hiyo ni kazi ya mwandishi au fundi, inakili. Ukingo mmoja ukiliwa huku mwenzake umenyooka, hiyo ni kutu au mkwaruzo, iache. Doa linalovuka mstari na kuendelea nje yake ni kutu pia. Kanuni hii hukosea mara chache, hasa kwenye herufi zilizo pembeni kabisa ya maandishi, ambako shaba imechakaa kote. Hapo utazame herufi hiyohiyo ilipojirudia mahali pengine.

Kwenye Mao Gong ding kuna mtego mwingine. Maandishi yameenea kwenye tumbo la chungu, sehemu iliyobonyea kama bakuli, na karatasi bapa haikubali kulala kwenye bakuli. Hivyo taben yake huchukuliwa kwa vipande, na safu zinaonekana kupinda kama mbavu. Mpindo huo umetokana na karatasi. Unaponakili, nyoosha safu. Mwinamo wa herufi moja moja ndani ya safu, huo uache ulivyo.

Chagua chombo

Usianze na San shi pan. Sinia hilo, lenye hati ya mipaka ya ardhi kati ya dola za San na Ze, lina herufi fupi nene zinazoegemea upande, na kila mwanafunzi hulipenda kwa sababu linaonekana kama halina sheria. Lina sheria nyingi, ila zimefichwa. Mwanafunzi mpya akilinakili hupata herufi zilizolewa.

Anza na Da Ke ding, iliyoko Shanghai Museum. Ina herufi 290 katika safu 28, na nusu ya kwanza bado ina mistari ya visanduku iliyosubiwa pamoja nayo. Hutaona tena kitu kama hiki kirahisi: unaona sanduku la mwandishi, na unaona jinsi alivyolitumia. Herufi yenye mistari michache haikunyoshwa ijaze sanduku. Ilikaa kwa ukubwa wake, nafasi ikabaki. Herufi yenye mistari mingi ilibanwa, lakini haikuvunjwa.

Ukishanakili safu kama kumi za Da Ke, nenda Mao Gong ding, iliyoko National Palace Museum, Taipei. Unene wa mistari unakaribia kuwa mmoja, herufi ni ndefu kidogo, na nguvu yote iko kwenye mipindo. Guo Ji Zi Bai pan, iliyoko National Museum of China, Beijing, ni ya wanaopenda nafasi: herufi 111 katika safu nane, nyembamba, zikiwa mbalimbali kama nyumba za shamba. (Chombo chenyewe kina urefu wa zaidi ya mita moja na kinafanana na beseni la kuogea, husimuliwa kwamba wakati wa enzi ya Qing kilipatikana kikiwa hori la farasi.) Da Yu ding, nayo ya Beijing, yenye herufi 291, iachie mwisho. Ni ya mwanzo wa Zhou, na humo mistari hunenepa na kuchongoka kwa makusudi.

Vifaa

Herufi halisi ni ndogo, mara nyingi hazizidi sentimita mbili au tatu. Wewe ziandike kwa sentimita saba au nane. Ndogo kuliko hapo, huoni makosa yako. Kubwa zaidi, mkono unaanza kuchora badala ya kuandika.

Brashi iwe ya manyoya ya mbuzi, au mchanganyiko wa mbuzi na manyoya magumu kama mkono bado hauna uzoefu. Manyoya yawe na urefu wa sentimita nne hadi tano na kipenyo cha karibu sentimita moja. Ilowanishe hadi kwenye shina kwa dakika chache kabla ya kazi, kisha ikamue kwa karatasi. Ukiichovya wino ikiwa kavu, wino utaganda kwenye shina na baada ya miezi michache ncha itaachana mara mbili.

Karatasi ya xuan (karatasi ya jadi ya khati ya Kichina) isiyotiwa dawa ya kuzuia wino kutambaa hunyonya sana, na ile iliyotiwa dawa hainyonyi kabisa. Tafuta ya katikati, au karatasi ya mianzi ya rangi ya njano kwa mazoezi ya kila siku. Wino wa chupa una gundi nyingi na huvuta brashi. Uchanganye na maji: sehemu tatu za wino kwa moja ya maji, kisha jaribu. Weka nukta, hesabu hadi tatu, inua. Wino ukitambaa zaidi ya milimita moja nje ya nukta, una maji mengi au brashi imejaa kupita kiasi. Usipotambaa hata kidogo na ukingo ukawa mkavu kama uliokatwa kwa wembe, ongeza maji, maana makutano ya mviringo tuliyoyasema yanahitaji wino unaotembea kidogo.

Mstari wa msingi

Aliyejifunza khati ya Kiarabu kwa kalamu ya tete iliyokatwa mshazari ana faida na hasara. Faida ni jicho: anajua nafasi nyeupe nayo ni sehemu ya herufi. Hasara ni kwamba mkono wake umezoea unene unaotokana na pembe ya kalamu. Hapa unene unatokana na shinikizo peke yake, na ncha ya brashi lazima ipite katikati ya mstari, si kwenye ukingo.

Simamisha brashi wima. Kiwiko kiinuke mezani. Kama mstari unakwenda kulia, gusa karatasi na usukume ncha kushoto milimita mbili hivi, kisha igeuze na uende kulia, ukiifunika ile hatua ya kwanza. Mwanzo utakuwa wa mviringo na ncha haitaonekana. Endelea kwa mwendo mmoja, wa mtu anayetembea bila haraka. Mwishoni simama, rudi nyuma kidogo kwenye njia uliyotoka, inua. Ukivuta brashi hewani bila kusimama utaacha mkia, na mistari ya Mao Gong haina mikia.

Mstari mzuri ukiushika kwenye mwanga, ukingo wa juu na wa chini vina ukavu au unyevu uleule. Ukingo mmoja ukiwa laini na mwingine umechanikachanika, ncha ilikuwa imelala upande ule laini. Tiba yake si kukaza vidole. Inua brashi, isimamishe upya, anza mstari mwingine.

Kwenye mpindo, watu huzungusha kifundo cha mkono na manyoya yanajisokota kama kamba. Usikizungushe. Punguza shinikizo kidogo unapofika kwenye kona, acha manyoya yajipange kuelekea upande mpya, kisha rudisha uzito. Ikiwa mpindo ni mkali mno, ugawe mara mbili. Hilo si udanganyifu: duara za jinwen huandikwa kwa vipande viwili.

Herufi mbili kwa karibu

子, mtoto, ipo kwenye maandishi mengi ya Zhou, kwa sababu mengi yanaishia na maneno ya kutaka watoto na wajukuu wakitunze chombo milele. Ni kichwa cha duara, mikono miwili iliyoinuliwa, na mwili mmoja unaopinda. Anza kichwa juu katikati, shuka kwa kushoto hadi chini. Rudi juu, anzia ndani ya mwanzo wa kipande cha kwanza, shuka kwa kulia hadi ukutane nacho. Kipande cha pili kiingie juu ya cha kwanza wino ukiwa bado na unyevu; ukichelewa, kiungo kitaonekana kama shati lililotiwa kiraka. Mikono ni mstari mmoja: shuka kutoka kushoto, pita chini ya kichwa, panda kulia. Mwili unatoka kwenye kichwa, unaivuka mikono na kushuka. Punguza mwendo pale unapoivuka, nusu ya pumzi tu, na wino utajaza pembe nne zenyewe. Hapo ndipo utaona udongo uliopondeka ukitokea kwenye karatasi yako.

Chini ya 子 na mwenzake 孫 utakuta vistari viwili vidogo. Si sehemu ya herufi. Ni alama ya kurudia: isomwe mara mbili, mtoto na mtoto, mjukuu na mjukuu. Vinakaa chini upande wa kulia, ni vifupi, na vinaandikwa kwa brashi ileile bila kupunguza heshima. Wanaoanza ama huviruka, ama huvigeuza kuwa miguu ya herufi. Da Ke ding inakupa mfano mapema sana: safu ya kwanza ina 穆 yenye alama hiyo.

王, mfalme, ichukue kutoka Da Yu ding. Ufunguzi wake unasema kwamba mwezi wa tisa mfalme alikuwa Zongzhou, mji mkuu wa Zhou, akampa Yu, mwenye chombo, amri. Herufi hii ina mistari mitatu ya kulala na mmoja wa kusimama, lakini mistari haikugawana nafasi sawa: miwili ya juu imekaribiana, wa tatu uko mbali chini. Na huo wa tatu si mstari tena. Umevimba katikati na ncha zake zimepanda juu, kama makali ya shoka. Wengi wanaona shoka la mamlaka ndilo asili ya herufi yenyewe. Usiuchore kingo kisha ukaujaza, utapata bango. Anza kushoto kwa ncha, shuka huku ukikandamiza hadi manyoya yafunguke karibu nusu ya urefu wake, kisha panda kulia ukipunguza. Ukingo wa juu usipofikia umbo, pitisha brashi mara ya pili juu yake mara moja. Kujaziliza kidogo kwenye sehemu nene za Shang na mwanzo wa Zhou kunakubalika, mradi kufanyike kabla wino haujakauka.

Kwenye maandishi hayohayo utakutana na 玟 na 珷. Ni majina ya wafalme Wen na Wu yaliyotiwa alama ya mfalme ubavuni. Ziandike kama herufi moja yenye upana wa kawaida. Anayezitenganisha huishia na safu ndefu kuliko ya asili, na safu zote zinazofuata zinahama.

Kupanga karatasi

Safu zinakwenda kutoka juu kwenda chini, na zinafuatana kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa Da Ke kunja karatasi kwa urefu na kwa upana, upate visanduku vya sentimita tisa hadi kumi. Kwa Mao Gong na San shi pan kunja kwa urefu tu. Herufi zao zimejipanga kwenye safu, lakini herufi ya tano ya safu hii haikuapa kukaa sambamba na ya tano ya jirani yake. Ukiwawekea visanduku umewavisha sare.

Kwa kazi ya kwanza kamili, chukua karatasi ya sentimita 34 kwa 69, iweke wima, safu tatu za herufi saba. Acha sentimita tatu juu na chini. Chagua kipande chenye maana iliyokamilika, si herufi 21 zilizokatwa popote. Tumia usomaji uliochapishwa kwa herufi za kisasa ukiwa ubavuni mwa taben, la sivyo utaunganisha nusu ya herufi moja na nusu ya nyingine. Hilo hutokea sana pale herufi ndefu inapobanana na iliyo chini yake. Kwa herufi usiyoitambua, kamusi ya Rong Geng iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1925 hupanga maumbo ya herufi moja kutoka vyombo mbalimbali, na mara nyingi umbo la tatu au la nne ndilo linalokuonyesha mstari uliolika kwenye lako.

Kuhusu mitetemo

Wapo wanaotetemesha brashi ili mstari ufanane na shaba iliyoliwa. Mwandishi wa khati Li Ruiqing (1867–1920) alijulikana kwa mistari ya namna hiyo, na alikuwa na nguvu ya mkono iliyoweza kuibeba. Waliomfuata walibaki na mtetemo tu. Ukali wa kweli wa mstari hutokana na karatasi kuivuta brashi iliyo wima inayokwenda polepole. Hauna mpangilio, na kila mstari unao tofauti. Mtetemo wa makusudi hujirudia kila baada ya milimita chache, kama msumeno, na jicho huugundua upesi.

Kukagua

Nakala ikikauka, ipige picha, ipunguze hadi ilingane na taben, kisha ziweke moja juu ya nyingine kwenye simu na uififishe ile ya juu hadi ya chini ionekane. Usihangaike na mistari iliyosogea milimita moja. Tazama nafasi nyeupe zilizofungwa: tumbo la 周, kichwa cha 子. Zikiwa ndogo kuliko za asili, mstari wako ni mnene mno au uliandika ukiogopa. Kisha geuza taben iwe nyeusi kwa nyeupe kama nakala yako na uilinganishe tena, maana nyeupe juu ya nyeusi huonekana nene kuliko ilivyo, na wengi hunenepesha mistari kwa kudanganywa na hilo.

Osha brashi kwa maji baridi hadi yatoke safi kwenye shina, inyooshe ncha kwa vidole, itundike ikiangalia chini. Karatasi za mazoezi ziandike tarehe na jina la chombo nyuma, kwa penseli, na uzitunze zile mbaya.